Miezi kumi na tisa mtaani: niliyojifunza nikitafuta kazi ya ugavi

Nilimaliza mtihani wa mwisho wa shahada ya ununuzi na ugavi Julai 2023. Mkataba wangu wa kwanza wa kazi nimeusaini Februari 2025. Katikati hapo kuna miezi kumi na tisa, na naamini karibu nusu yake niliipoteza kwa makosa ambayo mtu angenikalisha chini nusu saa tu ningeyaepuka. Sikuwa na wa kunikalisha. Kwetu ni Makete, mkoani Njombe, baba alishafariki, na mama, aliyenisomesha kwa viazi pamoja na mkopo wa Bodi ya Mikopo, alijua jambo moja kuhusu kazi za ofisini: ukisoma unaajiriwa. Naandika kwa ajili ya yule aliyevua joho juzi na sasa amerudi kwa ndugu na bahasha yake ya kaki mkononi.

Nilihamia Dar es Salaam kwa dada, Mbagala Rangi Tatu, nikalala chumba cha watoto. Shemeji hakuwahi kunisema hata siku moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, nachota maji, nawaandaa watoto wa shule, ili asipate sababu ya kuanza kunisema. Aliyewahi kusota kwa ndugu ananielewa. Wasiwasi ule ulinifanya nitafute kazi kwa pupa, na pupa ikanichelewesha.

Wiki ya kwanza nilikwenda stesheneri iliyo karibu na stendi. Kijana wa pale akaniuliza, "Dada, unataka CV ya kawaida?" Nikasema ndiyo. Akafungua faili la mtu mwingine, akafuta jina, akaandika langu, akabadilisha chuo na miaka. Nikalipa 3,000. Juu kabisa palikuwa na aya ya Kiingereza inayosema mimi ni mchapakazi, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa sana. Nimekuja kuiona aya hiyo hiyo, neno kwa neno, kwenye CV za watu wengi mno. Chini yake zikafuata dini, hali ya ndoa, urefu, vitu ninavyopenda, wadhamini watatu. Kurasa nne. Na kitu pekee nilichokuwa nimekifanya kwa mikono yangu, fildi ya wiki nane kwenye stoo ya halmashauri, kilikaa ukurasa wa tatu kwa mstari mmoja: "Field, wiki nane."

Wiki nane zile nilipokea mizigo getini, nilijaza hati za kupokelea mali, nililinganisha leja na vilivyoko rafuni kwa vifaa vya aina 140, na tulikuta makaratasi ya kudurufu yameandikwa boksi wakati yaliyopo ni rimu. Haya yote niliyajua kichwani, lakini hayakuwa kwenye karatasi. Mtu wa ajira angeyajuaje?

Kuanzia Agosti 2023 mpaka mwishoni mwa Februari 2024 nilituma maombi 83. Najua idadi kwa sababu baadaye nilirudi kwenye barua pepe nikayahesabu moja moja. Tangazo la meneja mwenye uzoefu wa miaka mitano, nilituma. La mhudumu wa mapokezi, nilituma. La afisa masoko wa bima, nilituma. Barua ilikuwa ile ile, nabadilisha jina la kampuni tu, na mara mbili nilisahau hata hilo. Niliamini nikimwaga mbegu nyingi moja itaota. Nilipoyapanga upya yale 83, niliyokuwa na sifa nayo kweli yalikuwa 19. Majibu niliyopata ni mawili, na moja lilikuwa la kompyuta kunijulisha kwamba barua yangu imefika.

Bando, kopi, mihuri ya wakili na nauli za kupeleka bahasha Posta, Mikocheni na Kurasini, kwa miezi saba ile, vilinila zaidi ya 400,000. Hela hizo nyingi zilikuwa za dada.

Halafu Novemba ile nikapigwa. Kwenye kundi la ajira la WhatsApp ukapita ujumbe kwamba ghala moja linahitaji watunza stoo kumi na wawili, mshahara 850,000. Nikatuma CV. Saa haijaisha nikapigiwa simu na mwanaume mwenye sauti ya kiofisi, akaniambia hongera, umechaguliwa, ila utume 35,000 ya fomu, kitambulisho na vipimo vya afya kabla ya saa nane mchana, maana nafasi zimebaki mbili. Sikuwa nayo. Nikampigia mama. Mama akaenda kwa jirani anayenunua viazi, akachukua malipo ya magunia ambayo bado yalikuwa ardhini, kwa bei ambayo jirani aliitaja yeye. Nikatuma hela saa saba na dakika arobaini. Saa nane na robo namba ikawa haipatikani. Nilikaa kibarazani mpaka dada aliporudi jioni, nikashindwa hata kumsalimia. Mama nilimwambia ukweli baada ya kupata kazi, mwaka mmoja na zaidi baadaye.

Dalili zote zilikuwepo, nami nilizifumbia macho kwa sababu nilitaka sana iwe kweli. Hakuna usaili uliofanyika. Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko nafasi yenyewe. Muda ulibanwa ili nisipate nafasi ya kumuuliza mtu. Na nilipotuma, jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mtu binafsi. Mwajiri wa kweli hamwombi mwombaji hela ya fomu, wala ya kipimo, wala ya "kufuatilia jalada". Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu tangazo, namwambia atafute namba ya kampuni kwa njia nyingine, si ile iliyoko kwenye tangazo, apige aulize kama kweli wametangaza. Simu ya dakika mbili ingeokoa viazi vya mama.

Nitaje pia kitu ambacho ni bure kabisa na sikukijua. Serikali ina huduma za ajira zinazojulikana kama TaESA, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wanasajili watafuta kazi, wanawaunganisha na waajiri, na wana utaratibu wa kupeleka wahitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Nilijisajili nikiwa nimeshatimiza mwaka mtaani, kwa sababu tu hakuna mtu aliyewahi kunitajia. Wewe umeshatajiwa.

Kosa lililoniuma kuliko hata lile la hela lilihusu simu. Januari 2024 niliibiwa simu kwenye daladala. Kurudisha laini ya zamani ningeweza, NIDA ninayo, lakini siku ile nilikuwa na haraka, nikasajili laini mpya nikisema ile nyingine nitaishughulikia wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Mwezi wa nne, siku nilipopata bando la kutosha kufungua barua pepe, nikakuta ujumbe wa kampuni moja ya usambazaji wa dawa: "Tumekupigia mara tatu bila mafanikio. Kama bado una nia na nafasi hii, tafadhali fika Jumatano saa tatu asubuhi." Nilisoma ujumbe ule siku tisa baada ya Jumatano hiyo. Nikaenda hivyo hivyo. Mlinzi akampigia dada wa mapokezi, dada wa mapokezi akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtu ameshaanza kazi. Nilitembea kutoka pale mpaka Tazara kwa mguu, sikutaka watu wa kwenye daladala wanione ninavyolia.

Jioni ile ndipo nilipochukua daftari la mpwa wangu lililokuwa na kurasa nyingi zilizobaki, nikapiga mistari kama leja ya stoo. Nilisomea kazi ya kutunza kumbukumbu za mali za watu, na kumbukumbu ya kwangu sikuwa nayo. Nikaweka safu: tarehe, nafasi, mwajiri, nilionea wapi tangazo, CV ipi nimetuma, mwisho wa kupokea maombi, tarehe ya kufuatilia, jina la niliyeongea naye, nini kimetokea. Laini ya zamani nikairudisha kesho yake. Nikajiwekea sheria ya kufungua barua pepe kila asubuhi na kila jioni, hata kama bando ni la 500.

Daftari lile lilibadilisha mambo mawili. La kwanza, lilinilazimisha kuchagua. Ukishalazimika kuandika mstari mzima kwa mkono kuhusu ombi moja, hutumi ovyo. Nilianza kusoma tangazo kwa kalamu: napigia mstari kila wanachokitaka, kisha kila kimoja nakitafutia ushahidi kutoka kwenye maisha yangu. Nikikosa zaidi ya nusu, naliacha. CV nikaiandika upya mwenyewe, kurasa mbili. Ile aya ya mchapakazi ikatoka, dini na urefu vikatoka, fildi ikapanda juu ikiwa na mistari minne inayosema nilifanya nini, kwa vifaa vingapi, na tofauti gani nilizikuta. Faili nikalipa jina langu kamili na nafasi ninayoomba, na kwenye kichwa cha barua pepe nikaandika jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo.

La pili ni kufuatilia. Nilikuwa naona haya kupiga simu, nikidhani nitaonekana msumbufu. Nilijipa siku saba za kazi baada ya tarehe ya mwisho, kisha napiga saa nne asubuhi, watu wakiwa wameshakaa mezani na kabla hawajachoka: "Habari za kazi. Naitwa fulani, niliomba nafasi ya msaidizi wa stoo. Naomba kujua kama mchujo umeshafanyika." Basi. Sibembelezi, sielezi shida zangu. Mara nyingi walinijibu vizuri. Wengine waliniambia nafasi imeshajazwa, nami nikafuta mstari na kuacha kusubiri. Kujua kwamba umekosa kunapumzisha kuliko kungoja miezi mitatu. Kutoka Mei mpaka Desemba 2024 nilituma maombi 31 tu, na niliitwa kwenye usaili mara sita.

Kuitwa ni jambo moja na kupita ni jambo jingine. Usaili wa kwanza, mwezi wa saba, wakaniambia nijieleze, nikaanza kuwasomea CV ambayo walikuwa nayo mezani. Wakaniuliza natarajia mshahara kiasi gani, nikasema "wowote mtakaoona unafaa." Yule mama aliyekuwa katikati akaweka kalamu chini. Nilidhani nimeonyesha unyenyekevu. Kumbe nimeonyesha kwamba sijui kazi yangu ina thamani gani, na kwamba nikipewa kidogo nitaondoka mara tu nitakapopata pengine. Nitarudi kwenye mshahara.

Kwa kazi za serikali, njia ni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na pale unapokosea unaenguliwa hata kama una sifa. Ombi langu la kwanza liliishia hapo hapo kwa sababu barua sikuisaini. Niliichapa vizuri, nikaipakia vizuri, sikuweka saini. La pili niliambatanisha karatasi ya matokeo badala ya cheti, na tangazo lilikuwa limesema wazi kwamba karatasi za matokeo hazipokelewi. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho. Lile lenye kurasa thelathini, usiishie kwenye sifa, masharti ya jumla ndiyo yanayowatoa watu.

Kisha jina. Kwenye cheti cha kidato cha nne jina langu la kati lina herufi moja ambayo kwenye NIDA haipo. Herufi moja! Miaka yote chuoni haikunisumbua. Lakini anayeitwa kwenye usaili na majina yake yanatofautiana anatakiwa kuwa na deed poll, yaani hati ya kubadili jina iliyothibitishwa na mwanasheria na kusajiliwa Wizara ya Ardhi. Nilianza kuishughulikia mapema baada ya rafiki mmoja kurudishwa mlangoni huko Dodoma, nauli imekwenda, na maswali hakuyaona. Kama bado uko chuoni, leo jioni panga vyeti vyako vyote kitandani, cha kuzaliwa, cha nne, cha sita, NIDA, usome majina herufi kwa herufi.

Oktoba 2024 nikaitwa usaili wa mchujo Dodoma, afisa ugavi daraja la pili. Gharama zote ni za msailiwa. Nilipanda treni ya SGR, 31,000 kwenda na 31,000 kurudi, nikalala gesti usiku mmoja, nikala chapati na chai mara tatu ili hela itoshe. Nilikuwa nimesoma. Wiki tatu nzima nilikuwa na madaftari yangu ya mwaka wa pili, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 naijua, mipaka na taratibu zake nazijua. Nikafunua karatasi. Swali la pili likanipa jasho. Sheria ile ilikuwa imeshafutwa. Sheria mpya, Namba 10 ya mwaka 2023, ilikuwa imeanza kutumika Juni 2024, miezi minne kabla. Mfumo wa ununuzi wa mtandaoni tuliofundishwa, TANePS, ulikuwa umeshapisha mfumo mpya wa NeST tangu 2023. Nilikuwa nimekariri vizuri kabisa vitu ambavyo havitumiki tena.

Sikufika kwenye mahojiano. Na sina wa kumlaumu, kwa sababu sheria hiyo mpya ipo kwenye tovuti ya PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, na kuipakua ni bure. Mtaani unakaa ukidhani elimu yako inakusubiri kabatini kama cheti, kumbe kila fani inaendelea kwenda. Mwalimu ana mtaala mpya, mhasibu ana sheria ya fedha ya kila mwaka, sisi tuna ununuzi wetu. Tangu siku ile kila mwezi nilikuwa naingia kwenye tovuti ya PPRA na ya bodi yetu ya taaluma, PSPTB, kuangalia kilichobadilika. Usajili wa bodi nao niliuchelewesha nikisema nitajisajili nikipata kazi, wakati waajiri wengi wa fani yetu wanauulizia kabla ya kazi.

Safari ile hata hivyo haikupotea yote. Kwenye treni ya kurudi nilikaa na binti tuliyekuwa naye chumba kimoja cha mtihani. Tulikuwa tumechoka, tumeshajijua tumefeli, tukaanza kusimuliana maswali. Kufika Morogoro tulikuwa wanne, tumeunda kundi la kusoma sheria mpya, kila Jumamosi usiku mmoja anafundisha sehemu yake. Na huyo binti ndiye aliyenitafuta mwezi wa kumi na mbili: kuna duka Kariakoo wanahesabu mali mwisho wa mwaka, wanataka watu wa kuhesabu, siku nne, 20,000 kwa siku. Yeye alikuwa kwao Singida kwa likizo. "Nenda wewe," akaniambia.

Hapa niseme kuhusu koneksheni. Mtaani tunaambiana kila siku kwamba bila koneksheni hupati kitu, na mimi niliamini hivyo kiasi cha kumpigia mjomba mmoja aliyeko wizarani kila mwezi, kumsalimia, kumkumbusha. Alikuwa ananijibu, "Tuombe Mungu, mwanangu." Sasa naona nilikuwa namwomba mtu asiyewahi kuniona nikifanya kazi aniombee kazi kwa watu wengine. Angewaambia nini? Kwamba mpwa wangu ana shida? Anayekufahamu kwa udugu anaweza kukupa chakula na nauli, na hilo ni kubwa, sitalidharau. Lakini wa kusema "huyu anaweza" lazima awe amekuona.

Desemba 28, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa Kariakoo nje ya duka la jumla la vifaa vya umeme. Tulikuwa watu watano. Mwenye duka, mzee wa Kipemba asiye na maneno mengi, alitugawia karatasi akasema tuhesabu kila kitu, ghorofa zote tatu. Mimi nikapangiwa ya pili, penye waya. Kwenye kompyuta ya duka palikuwa na rola 64 za waya wa mbili nukta tano. Nikahesabu, nikapata 64. Ningeandika 64 nikaendelea na swichi. Lakini rola moja niliponyanyua ili nione lebo yake ilikuja juu kwa urahisi, nyepesi kuliko wenzake. Nikafungua nailoni. Imekatwa. Wauzaji wa chini walikuwa wanamkatia mteja mita kumi, mita ishirini, halafu wanaifunga vizuri na kuirudisha rafuni, na kompyuta inaendelea kuihesabu nzima. Nikaomba futikamba, nikashusha rola zote 64 sakafuni, nikapima kila iliyofunguliwa na kubandika kipande cha boksi chenye mita zake. Kumi na moja zilikuwa zimekatwa. Moja ilikuwa imebaki mita nne.

Usiku nikapita stesheneri ile ile ya Mbagala, nikakodi kompyuta saa moja, nikatengeneza jedwali la Excel la ukurasa mmoja: kompyuta inasema nini, rafuni kuna nini, tofauti, sababu ninayoidhania. Asubuhi nikampa mzee. Alisoma akiwa amesimama, miwani puani.

"Binti, hii nani kakwambia uifanye?"

"Hakuna, mzee. Niliona ni vizuri ujue mita zimekwenda wapi."

Hakusema kitu. Akaikunja, akaitia mfukoni. Siku ya mwisho alitulipa wote sawa, 80,000. Nikaenda zangu.

Wiki ya tatu ya Januari simu ikalia. Mzee. Kuna watu wana ghala la vifaa vya ujenzi Vingunguti, yeye ananunua kwao, wanatafuta mtu wa stoo na hawajatangaza. "Nimewaambia yuko binti alinipimia waya. Nenda kesho na vyeti."

Sikwenda kesho yake, nami nashukuru nilijizuia. Nilimwomba siku mbili. Nikapita nje ya lile ghala nikaangalia malori yanayoingia, wanauza nini, mzigo unatoka bandarini au viwandani. Nikapiga hesabu ya mshahara, kwa mara ya kwanza maishani. Chukua mfano wa mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa 600,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 inakwenda 60,000. Kodi inatozwa kwenye 540,000 zinazobaki: 270,000 za kwanza hazina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ambayo ni 20,000, na 20,000 za juu ni asilimia 20, yaani 4,000. Jumla 24,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo 90,000. Mkononi unabaki na 426,000. Ondoa nauli ya kutoka Mbagala, chakula cha mchana, na kitu cha kumpa dada. Ukishaifanya hesabu hii huwezi tena kusema "wowote."

Usaili ulikuwa wa watu wawili, kwenye ofisi iliyo ndani ya ghala, feni inapiga kelele. Swali la tatu: "Hesabu ikikataa utafanya nini?" Nikawasimulia rola nyepesi. Nikawaambia nilivyopima, nilivyoandika, na jambo ambalo sikulifanya: sikumtaja muuzaji yeyote kwa jina, kwa sababu nilichokuwa na uhakika nacho ni mita, si mtu. Walitazamana. Kisha wakaniuliza mshahara, nikataja kiwango na nikaeleza kwa nini. Wakashusha kidogo. Nikaomba nisome mkataba nyumbani kabla ya kusaini, wakakubali. Nilisoma muda wa majaribio, saa za kazi, likizo, na kama NSSF imeandikwa. Usione aibu kuomba siku moja ya kusoma.

Mwaka huo huo wa 2025, mwezi wa nane, tulitangaza nafasi ya msaidizi. Bosi akaniambia nimsaidie kuchuja. Barua pepe zaidi ya 160 ndani ya siku sita. Nilikaa nazo jioni mbili, na moyo uliniuma, kwa sababu nilijiona mule ndani mara nyingi. Thelathini na kitu hazikuwa na neno hata moja, faili limening'inia peke yake. Wengine walitaja kampuni nyingine kwenye barua. Ile aya ya mchapakazi asiyehitaji kusimamiwa ilikuwepo, nadhani, kwenye nusu yake. Kwa hizo za mwanzo nilikuwa natumia chini ya dakika moja kila moja, na sikuwa nafanya hivyo kwa dharau, muda haukuwepo. Aliyenisimamisha alikuwa kijana wa diploma, hana uzoefu wa kuajiriwa, ameandika: "Namsaidia mama genge lake Buguruni tangu 2021, naandika daftari la mali na madeni, nyanya zinazooza tumezipunguza kwa kuagiza mara nne kwa wiki badala ya mara mbili." Nikaipeleka juu kabisa ya fungu. Tuliwaita watano naye akiwemo. Sasa hivi meza yake iko mkabala na yangu.

Mdogo wangu wa mwisho amemaliza chuo mwaka huu, naye yuko kwa dada, kitanda kile kile. Nimempa daftari. Nilipompelekea alilifungua akakuta maandishi yangu ya 2024, mistari iliyofutwa kwa wino mwekundu, akaniuliza kama achane zile kurasa. Nikamwambia aziache, aanzie ukurasa unaofuata. Juzi usiku amenipigia: mstari wa tisa, wamemwita Jumanne saa tatu asubuhi. Tukaanza na majina kwenye vyeti.